Likizo ya Bamvua Nne: Namna ya Kuchagua Kazi Kubwa ya Likizo

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hawakusema lolote kuhusu yule asiyeshika hata moja, labda kwa sababu zamani watu wa aina hiyo walikuwa wachache. Siku hizi tuko wengi. Shule ikifungwa tunaagana kwa maneno makubwa: huyu atasoma vitabu vyote vya maktaba, huyu atajifunza Kifaransa, yule ataanza biashara. Shule ikifunguliwa twaandika insha ileile ya "Likizo yangu", na insha yenyewe ni ile ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe.

Makala haya ni somo fupi kuhusu jinsi ya kuchagua kazi moja kubwa ya likizo na kuimaliza. Nawaandikia wanachama wote wa chama chetu, lakini hasa wale wa Kidato cha Tatu, na sababu yenyewe ni hesabu tu. Likizo za Aprili na Agosti ni za wiki chache. Likizo ndefu ni moja, ile ya mwisho wa mwaka. Sasa hesabu mwenyewe: ukiwa Kidato cha Nne, mwezi wa Novemba utakuwa umekaa kwenye chumba cha mtihani wa KCSE. Kwa hiyo likizo ndefu ya Kidato cha Tatu ndiyo ya mwisho utakayoipata ukiwa mwanafunzi wa sekondari. Ikipita, imepita.

Kazi kubwa ni ipi?

Kazi kubwa ya likizo si kazi za nyumbani. Kuteka maji, kuchanja kuni, kumsaidia mama shambani au majini, hayo ni wajibu na yatabaki kuwapo. Sisi wa shule za kutwa twayafanya hata masomo yakiendelea. Tena si "kusoma kwa bidii", maana kusoma kwa bidii hakuna mwisho unaoonekana. Kazi kubwa ninayoizungumzia ni ile uliyoichagua mwenyewe, inayokuogopesha kidogo, na ambayo ikiisha utaweza kuiweka mezani mtu akaiona.

Neno "kubwa" nalo lina mtego wake. Wengi wetu tukisikia kubwa, twafikiria kitu cha mbali: kompyuta, ndege, Nairobi. Tumtazame kijana mmoja wa Kenya, Richard Turere wa Kitengela, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Alikuwa mvulana mdogo mchungaji wa ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakiingia usiku kula mifugo. Kwanza alijaribu moto. Kumbe moto uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi! Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliogopa, usiku wa pili wakagundua kuwa sanamu haisogei. Halafu usiku mmoja alizungukazunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo akaelewa kuwa simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, kifaa cha kumulikia cha pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11. Mwaka 2013 alikwenda Marekani kuwasimulia watu kisa hicho.

Hebu tuangalie alichochagua. Hakusema "nitaokoa wanyama wa Kenya". Alichagua zizi moja, la nyumbani kwao, na tatizo moja lililokuwa likimnyima usingizi. Ukubwa ulikuja baadaye. Somo la kwanza ni hilo: kazi kubwa huanzia mahali ambapo wewe wajua kuliko wageni.

Mizani minne

Kabla hujachagua, ipitishe fikira yako katika mizani hii minne.

1. Mizani ya mwisho. Jiulize: siku ya kufungua shule nitaonyesha nini? Kama jibu ni kitu (daftari, ramani, shamba, kiti, mchezo wa kuigiza ulioandikwa), endelea. Kama jibu ni "nitakuwa nimejua zaidi", rudi nyuma ufikirie tena.

2. Mizani ya muda. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Watu wa bara huhesabu wiki. Sisi wa Kibuyuni, Shimoni, Mkwiro na Wasini tuna kalenda nyingine, nayo ni mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ikafika kama mita tatu. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali. Toka bamvua hadi bamvua ni siku 14 au 15. Likizo ya wiki tisa ina bamvua nne. Likizo ya wiki tatu ina moja, ukibahatika mbili. Mimi nasema tuache kuhesabu wiki, tuhesabu bamvua, maana siku za bamvua ndizo siku ambazo nyumba nyingi za kwetu hazina mtu. Wote wako majini. Ukipanga kazi yako bila kuliangalia jambo hilo, mama akikuita utaacha kila kitu, na mradi ushakufa.

3. Mizani ya mkono. Je, vifaa ninavyo? Ruhusa ninayo? Mradi unaohitaji pesa ya mjomba aliye Mombasa si mradi wako, ni wa mjomba.

4. Mizani ya hofu. Kama waweza kuimaliza kwa siku tatu, hiyo si kubwa. Kama hujui hata waanzia wapi, hiyo imepita kiasi. Yafaa uwe unajua hatua ya kwanza vizuri, ya pili kidogo, na ya mwisho uiogope.

Tupime miradi mitatu

Nadharia bila mfano ni mchuzi bila chumvi. Tuchukue miradi mitatu ambayo mwanafunzi wa huku kwetu anaweza kuifikiria.

Wa kwanza: kulima kamba zangu mwenyewe za mwani. Kilimo cha mwani katika Afrika Mashariki si cha kale. Huko Zanzibar kilianza kibiashara mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya utafiti wa mtaalamu wa Tanzania, Profesa Keto Mshigeni. Kwetu Kibuyuni kilishika kasi miaka ya 2010, watafiti wa taasisi ya bahari, KMFRI, wakishirikiana na wanakijiji. Walio wengi katika kazi hii ni akina mama. Vigingi hupigwa mchangani, kamba hufungwa kati ya kigingi na kigingi, na vipande vya mbegu hufungwa kwenye kamba kwa taitai. Mwani ukivunwa hukaushwa na kuuzwa. Huko viwandani hutolewa karaginani, kitu cha kuzitia uzito dawa za meno, aiskrimu na bidhaa nyingine. Hapa kijijini akina mama wametengeneza sabuni kwa mwani.

Tuupime. Mwisho unaonekana? Ndiyo, kwa magunia. Muda je? Mwani huvunwa baada ya siku 45 hivi. Bamvua tatu kwa siku 15 ni siku 45. Yaani ukipanda bamvua ya kwanza ya likizo, wavuna bamvua ya nne. Inaingia, lakini inaingia kama mguu kwenye kiatu kilichobana: ukichelewa bamvua moja tu, mavuno yatakukuta darasani. Tena Disemba maji yanaanza kupata joto la kaskazi, na joto likizidi mwani hupauka na kukatika. Aina ya cottonii, iliyo na bei nzuri zaidi, ndiyo dhaifu zaidi kwa joto. Spinosum huvumilia kidogo. Mkono je? Wahitaji kamba, mbegu, na sehemu ya shamba kwa idhini ya wenye kulima. Basi mradi huu ni mzuri kwa yule ambaye kwao wanalima tayari. Kwa mwingine ni mgumu.

Wa pili: kitalu cha mikoko. Jirani zetu wa Gazi na Makongeni wametuonyesha faida yake. Mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, unahifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, na pesa zake zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Lakini mche wa mkoko hukaa kitaluni miezi kadhaa. Likizo haitoshi. Mwanafunzi akitaka mikoko, achague sehemu inayoingia katika bamvua nne: kwa mfano, kuchora ramani ya ufuo wa kijiji na kuonyesha wapi pana mkoko, wapi mchu, wapi mkandaa, wapi mlilana, na wapi pamebaki visiki vitupu. Hiyo ramani ni kitu. Mwenye kutaka kupanda ataanzia hapo.

Wa tatu: kukusanya msamiati wa bahari wa kijiji chetu. Huu ndio nitakaoueleza kwa kirefu, kwa kuwa sisi ni chama cha Kiswahili na wala hauhitaji senti ila ya daftari na kalamu.

Kwa nini maneno?

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, tangu kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930. Si vibaya, maana ndicho kinachotuwezesha kuelewana hadi Kongo. Lakini huku kusini mwa Kenya kuna Kichifundi na Kivumba, lahaja za watu wa Shimoni, Funzi, Wasini na Vanga, na kuna Kidigo ambacho ni lugha jirani yenye maji yake, yaitwayo madzi. Maneno mengi ya wavuvi wetu hayajawahi kuingia katika kamusi yoyote. Tanga likiondoka na injini ikaja, maneno ya tanga huondoka nalo. Hakuna anayeyazika, wala hakuna matanga. Siku moja tu unamtajia kijana foromali, anakuuliza hiyo ni timu ya wapi.

Na si maneno ya kale tu. Kilimo cha mwani ni kipya, kwa hiyo maneno yake mengi yanaundwa sasa hivi na mama zetu wakiwa wamesimama majini. "Taitai" lilikuja kwa njia ya mdomo, likapata ukaaji. Mama akizeeka, na mwanawe akahamia mjini, nani atajua kwamba hapa watu waliunda lugha?

Kuna mtu aliyetutangulia katika kazi hii. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu mwaka 1927 aliyefariki mwaka 2017, aliona kuwa maneno ya uundaji wa vyombo yanapotea. Akayatunga ndani ya utenzi, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, unaoeleza chombo cha Lamu tangu kuundwa hadi kusafiri. Baadaye, mwaka 1985, ukachapishwa Umbuji wa Mnazi, kuhusu mnazi na faida zake. Huyo ndiye pia anayetajwa kuwa aliunda neno runinga. Alichagua chombo kimoja, na mti mmoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hatua za kazi yenyewe

Bamvua ya kwanza: chagua eneo moja. Usiseme "maneno ya bahari", bahari haina mwisho. Sema: mwani peke yake, au dema na mitego mingine, au sehemu za ngalawa. Omba ruhusa nyumbani, kisha omba ruhusa kwa wale utakaowauliza. Ukienda kwa mzee, salamu kwanza, shikamoo yako isikike, ukae, ueleze nia yako. Mtu akikataa jina lake kuandikwa, andika umri na kazi yake tu. Maneno ni ya watu, si mali ya daftari lako.

Bamvua ya pili: kusanya. Kata kadi kutoka makasha au jalada za daftari kuukuu. Kila neno lipate kadi yake, na kila kadi iwe na mambo sita: neno, ngeli, maana, sentensi kama ilivyosemwa, nani alisema na wapi, na tarehe. Kwa mfano:

Neno: taitai. Ngeli: I-ZI. Maana: kijikamba laini cha kufungia mbegu ya mwani kwenye kamba kuu. Sentensi: (iandike kama alivyotamka, usiisahihishe). Msemaji: mama mkulima wa mwani. Mahali: Kibuyuni. Tarehe: ...

Ngeli usiibahatishe. Msikilize msemaji anasema "taitai imekatika" au "limekatika", uandike alivyosema.

Hapa kuna siri moja ya kuuliza. Ukimwendea mzee na kusema "Babu, nitajie maneno ya uvuvi", atakutajia manne, matano, kisha atanyamaza. Si kwamba hajui. Maneno ya kazi hayakai kichwani kama orodha, yanakaa mkononi. Mwambie, "Babu, nionyeshe unavyosuka dema." Mkono ukianza kusuka, mdomo nao unafuata, na maneno yanatoka yenyewe: fito hii yaitwa hivi, mlango huu waitwa vile. Na mama wa mwani usimsimamishe kwa maswali wakati maji yanapanda, maana muda wake majini ni mfupi. Funga mbegu pamoja naye. Wakati wa bamvua, maji ya kwetu hupwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Maswali yaliyobaki umuulize jioni, au siku za maji mafu.

Bamvua ya tatu: linganisha. Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, au kamusi yoyote iliyo maktabani. Gawa kadi zako mafungu matatu: maneno yaliyomo yenye maana ileile, maneno yaliyomo yenye maana nyingine, na maneno yasiyomo kabisa. Fungu la pili linafurahisha. Tazama neno "demani": ni kamba ya tanga, na pia ni msimu, kusi inapopungua nguvu. Msemaji wako alikusudia ipi? Fungu la tatu ndilo hazina. Hata kadi kumi za fungu hilo ni kazi kubwa.

Bamvua ya nne: nakili kwa mwandiko safi, panga kwa alfabeti, chora picha, kisha rudi kwa uliowauliza uwasomee. Watakusahihisha. Hatua hii usiiruke hata kidogo, maana ndiyo inayotofautisha kamusi na uvumi.

Kiasi je? Tuseme maneno 150. Siku nne kwa wiki, maneno matano kila siku, ni 20 kwa wiki. Wiki nane ni 160. Hiyo si kazi ya kutisha, na bado una siku tatu kila wiki za nyumbani na za mpira.

Ukikwama

Mradi wowote mkubwa hukwama katikati. Mgonjwa atatokea nyumbani, harusi itatokea, mvua itanyesha. Kwa hiyo weka siku ya kujipima mapema, mwisho wa bamvua ya pili. Kama una kadi chini ya 50, usiongeze muda, kwa sababu muda si wako. Punguza eneo. Nahodha akiona upepo umezidi hupunguza tanga, hasogezi bandari. Badala ya mitego yote, malizia dema tu. Kamusi ndogo ya dema iliyokamilika ina faida kuliko kamusi kubwa ya bahari iliyoishia herufi D.

Jambo jingine: mwambie mtu mmoja kuhusu mradi wako, lakini si kijiji kizima. Ukitangaza sana unapata sifa kabla ya kazi, na sifa zikishakuja mapema kazi haina haraka tena. Mwambie yule atakayekuuliza kila wiki, "Umefika wapi?" Kwa wasichana nasisitiza zaidi. Kazi za nyumbani huwaangukia wao kuliko ndugu zao wa kiume, na kila mtu ajua. Basi omba saa moja iliyo yako, ijulikane nyumbani, hata kama ni baada ya swala ya alasiri tu. Saa moja kila siku kwa wiki tisa ni saa 63. Ni nyingi kuliko vipindi vya Kiswahili vya muhula mmoja.

Hitimisho

Nimeeleza kuwa kazi kubwa huanzia mahali unapopajua, nimetoa mizani minne, na nimeonyesha kuwa likizo yetu yahesabika kwa bamvua. Si lazima uchague maneno. Chagua mwani, ramani ya mikoko, kiti, tamthilia, au historia ya kisima cha kijiji. Lakini chagua moja. Chama chetu kitafanya vizuri kikiweka meza moja wiki ya kwanza ya kufungua shule, kila mwanachama aje na kitu chake akiweke hapo.

Maswali ya kujipima

1. Taja kazi moja unayotaka kuifanya likizo hii, kisha ipitishe katika mizani yote minne. Ni mizani ipi iliyoishinda?

2. Tazama mwezi usiku wa leo. Bamvua ijayo ni baada ya siku ngapi, na likizo yako ina bamvua ngapi?

3. Muulize mtu mzima wa nyumbani akuonyeshe kazi ya mikono anayoijua. Andika maneno matano ya kazi hiyo ambayo wewe hukuyajua, pamoja na ngeli zake.